Kamba ya Saa Saba Mchana

Ni nani aliyewafundisha watoto wale kufunga fundo la mkono wa kushoto?

Nilijiuliza swali hilo siku ya nne tangu nifike kijijini, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mtende mchanga ambao maua yake yalinifika kifuani. Ukuti mwembamba ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye shada la maua, ukapitishwa chini yake kutoka kulia kwenda kushoto, na ncha yake ikachomekwa ndani ili isionekane. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu tu: katika maisha yangu yote nilimwona mtu mmoja akifunga mafungu ya nanaa kwa namna ile, naye alikuwa amelala makaburini, nyuma ya ukuta mweupe, kwa miaka tisa.

Ami Munji, mdogo wake baba, ndiye aliyenituma. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji huko mjini Sfaksi, kwa hiyo binti zao wawili, Tesnim wa miaka minane na Dorra wa miaka mitano, waliletwa Jerid, nchi ya mitende ukingoni mwa jangwa, kwa Babu Lazhar, wiki moja kabla yangu, likizo ya Aprili ilipoanza. Chuo chetu nacho kilikuwa kimefunga.

"Nenda ukae nao, Emna," aliniambia kwenye simu, "na unitazamie mzee. Wewe ni msomi, hutanificha. Bado anaweza kuishi peke yake au hawezi? Jumamosi nakuja na lori la rafiki yangu."

Nilielewa lori lilikuwa la nini. Lilikuwa la godoro la Babu, sanduku lake, na Babu mwenyewe. Nilimwahidi ami yangu kwamba nitamwambia ukweli. Nasoma elimu ya mimea, na nilikuwa sijawahi kukutana na jambo lisiloweza kuelezwa na mtu aliyelichunguza kwa subira.

Ukweli wa siku zile za kwanza ulikuwa mwepesi kuuandika. Tangu kiharusi cha mwaka juzi, mikono ya Babu ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba nilimjazia glasi ya chai nusu tu, na nusu ya nusu hiyo ikaishia kwenye kanzu. Hakuweza kulima. Hakuweza kukata tawi. Lakini kila asubuhi aliketi juu ya gunia katikati ya majaruba ya figili na giligilani, chini ya mikomamanga iliyokuwa chini ya mitende, akaitawala bustani yote kwa kinywa chake, na wale watoto wawili walikuwa jeshi lake.

"Dorra, mwanangu, udongo huo umeuuliza?"

"Niuulize nini, Babu?"

"Kama una kiu."

Dorra aliinama hadi nywele zake zikagusa ardhi. "Umesema hauna."

"Basi uonje. Udongo wa kwetu ni mwongo kuliko mwenye duka."

Dorra akalamba kidole, akatema, akakunja uso. "Una chumvi!"

"Ehee! Ukiwa na chumvi ndio una kiu, na unaona haya kusema. Mfungulie maji, maskini wa Mungu."

Dorra akang'oa donge la tope lililoziba mfereji, maji yakaingia kwenye jaruba yakinguruma kidogo kama paka, na yule mtoto akaanza kurukaruka humo akiwa na viatu vyake vya shule. Sikumzuia. Nimesomeshwa miaka mitatu juu ya chumvi ya ardhi, wala hakuna mhadhara ulionifanya nirukaruke.

Mwezi wa nne ndio mwezi wa kuozesha mitende. Mtende jike hauwezi kuzaa tende za maana usipopelekewa chavua ya mtende dume kwa mkono wa binadamu. Upepo peke yake ni mposaji mvivu. Babu alikuwa na karara la dume mapajani, ala ngumu ya maua, bado limefumba, la rangi ya kahawia. Akawasogezea watoto sikioni, akalibinya.

"Mnasikia nini?"

"Kama mtu anatafuna mchanga," Tesnim akasema.

"Basi limeiva. Lisipotafuna, liacheni lilale."

Akawaonyesha namna ya kulipasua, namna ya kutoa vijiti vitatu vya maua meupe, kuvitumbukiza katikati ya shada la jike vikiwa vimepinduliwa, kichwa chini. Watoto walikuwa weupe kwa chavua hadi kwenye kope. Dorra akapiga chafya mara sita, na kila chafya ilipoanguka Babu alimwambia tende sita zimepotea, hadi mtoto akaziba pua kwa mikono miwili.

"Sasa kufunga," Babu akasema, akainua mikono yake akaitazama. "Hii yangu siku hizi inacheza ngoma bila kualikwa. Nani afunge?"

"Mimi najua," Tesnim akasema. Akachuma ukuti, akauzungusha, akaupitisha, akauchomeka. Alifunga bila kutazama, kama mtu anayesuka nywele zake mwenyewe. Hapo ndipo niliposogea, nikapiga magoti, na swali langu likazaliwa.

"Nani kakufundisha hivi, Tesnim?"

"Bibi."

"Bibi nani? Bi Hania?" Huyo ni jirani yetu, anayetuletea mkate wa tanuri kila siku.

Tesnim akacheka. "Bi Hania! Yeye hata kilemba chake kinamshinda kufunga. Bibi wa saa saba."

Nilimgeukia Babu. Alikuwa ameinamia jaruba la nanaa, akitafuta kitu ambacho, kwa kadiri nilivyoona, hakikuwapo.

Kwetu, kati ya saa saba na saa tisa mchana, hata mbwa hukumbuka adabu. Milango hufungwa, vivuli huingia chini ya nyayo za wenyewe, na kijiji kizima hulala. Mtoto asiyetaka kulala hutishiwa Ajuza wa Mchana, kikongwe anayetembea juani saa hiyo akiwatafuta watoto watoro. Bi Hania, aliyekuja mchana ule na mikate miwili ndani ya kitambaa, hakumtaja kwa kutisha watoto. Alimtaja kama mtu anayetaja mkwe wake.

"Msicheke nyie," aliwaambia. "Mimi nilimwona kwa macho yangu haya, mwaka nilioolewa. Nilipitia nyuma ya ukuta wenu huu huu, nikitoroka kwenda kwa mama yangu. Nikatazama juu. Yuko juu kabisa ya mtende, nguo imejaa upepo kama hema, anatafuna kitu! Nilikimbia nikaacha kiatu."

"Ulirudi kukichukua?" Dorra akauliza.

"Nirudi? Nimerogwa? Hadi leo anacho yeye."

"Kiatu chenyewe kilikuwa kizuri?"

"We mtoto, kula mkate."

Watoto walicheka. Babu hakucheka. Alisema kichwa kinamuuma, akaingia ndani. Na mimi, niliyekuwa nimechoka kwa jua, nililala kwenye mkeka pamoja na watoto, mmoja kila upande, nikiwa nimeshika ncha ya gauni la Dorra ili nisikie akiinuka.

Nilipoamka, mkononi mwangu nilikuwa nimeshika kilifu cha mtende, zile nyuzi zilizofumana kama gunia shinani, kipande cha ukubwa wa leso, na mkeka ulikuwa mtupu.

Sikuwa na haja ya kuwatafuta. Waliingia uani wenyewe kabla sijavaa viatu, wameshikana mikono, wametulia kama watu watokao msikitini. Nywele zao zilikuwa nyeupe kwa chavua. Mitende yote mifupi tuliimaliza asubuhi. Karara la mwisho nililifunga mimi mwenyewe kwenye gunia, na gunia lilikuwa juu ya dari.

"Mlikuwa wapi?"

"Kwa Bibi," Dorra akasema. "Leo tumefanya ule mrefu."

Katika bustani yetu mtende mrefu ni mmoja. Uko pembeni, karibu na ukuta wa nyuma, una dhiraa ishirini na tano na zaidi, umeinama kidogo upande wa kibla, na shina lake katikati ni jembamba kama kiuno. Wapandaji wa kijiji kizima waliukataa. Kwa miaka tisa haukuozeshwa na mtu. Ulizaa tende bubu zisizo na kokwa, zikanyauka hukohuko juu, ndege wakazikataa. Niliukimbilia mchana ule nikiwa peku. Nikakinga macho kwa mkono.

Mashada yote ya upande wa magharibi yalikuwa yamefungwa. Vijiti vyeupe vya dume vilionekana wazi kabisa katikati ya kijani, na chavua ilikuwa imemwagika kwenye vigutu vya makuti makavu, kutoka juu hadi chini, kila kigutu na alama yake.

Mtu aliyepanda kule alikuwa mwepesi, maana hakuna kigutu kilichovunjika. Nikafikiria uzito wa Tesnim.

Usiku ule sikumpigia Ami Munji. Nilijiambia kwamba ni utafiti ambao haujakamilika. Naandika hapa kwamba ulikuwa woga: nilijua neno moja tu kutoka kwangu, kwamba mtoto amepanda mtende mzee akisimamiwa na mtu asiyeweza kusimamia hata glasi ya chai, lingetosha kumng'oa Babu katika bustani ile. Naye asingeota mizizi kwingine. Mtende wa umri wake hauhamishwi.

Kesho yake, ilikuwa Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini isipokuwa Babu, nilijilaza nikafumba macho. Waliinuka wakati mwadhini wa msikiti wa mbali alipokwisha nyamaza, watoto kwanza, kisha nikasikia hatua za Babu. Nikahesabu hadi mia mbili. Nikawafuata.

Bustani saa saba si bustani ya asubuhi. Njiwa walikuwa wamenyamaza. Hakukuwa na upepo, hata wa kutikisa jani la mtini. Maji peke yake yalikuwa macho, yakitembea kwenye mfereji bila sauti. Nilijificha nyuma ya mikomamanga miwili iliyoshikana, nikatazama.

Watoto wote wawili walikuwa chini. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba hilo ndilo nililoliona kwanza. Walikuwa wameketi kivulini, wameinua nyuso zao juu, kama watoto wanaosimuliwa hadithi. Babu alikuwa amesimama kwenye shina la ule mtende mrefu, mguu mmoja ameuegemeza kwenye mzizi, na mikononi mwake alikuwa ameshika kamba ya kilifu, nene, nyeusi kwa uzee. Kamba ilipanda. Ilipanda wima hadi kileleni, ikapotea katikati ya makuti.

Ilikuwa imekazika.

Niliitazama muda mrefu, maana nilitaka kuona imefungwa wapi. Haikuwa imefungwa. Ilisogea shubiri moja, ikasimama, ikasogea tena, na Babu aliiachia taratibu kupitia viganja vyake kama mtu anayejua kila pumzi ya aliye upande wa pili. Mikono yake haikutetemeka. Ilikuwa mikono ya mtu mwingine, au ya mtu yuleyule wakati mwingine.

Chavua ilianza kushuka kutoka juu, nyepesi, ya manjano kwenye mwanga.

"Bado mawili upande wa kibla, Bibi!" Tesnim akapaza sauti.

Akatega sikio. Kisha Dorra akacheka kwa nguvu, akageuka, akatazama moja kwa moja mahali nilipojificha.

"Emna, Bibi anasema utoke. Anasema mkomamanga haumfichi mtu mwenye makalio."

Nilitoka. Sijui nilitokaje, lakini nilitoka, nikamwendea Babu huku nimenyoosha mkono.

"Usiniguse!" akasema bila kugeuka. "Emna, mwanangu, kwa haki ya Mola, usiniguse mpaka ashuke."

Nikatazama juu. Niliona makuti, niliona anga, niliona mashada yakifungwa. Sikumwona mfungaji. Kisha vigutu vya shina vikaanza kulia, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu kuja chini, kila kimoja kikipiga mlio mdogo kama ubao unaokanyagwa, na kamba ikawa inarudi mikononi mwa Babu mkono kwa mkono. Kipande cha gamba kavu kikaniangukia begani. Mlio wa mwisho ulikuwa kwenye usawa wa uso wangu. Nilisikia harufu ya nanaa na ya jasho la mtu aliyefanya kazi ya halali.

Ncha ya kamba ikaanguka miguuni mwa Babu. Ilikuwa na kitanzi, na kitanzi hakikuanguka kikalala. Kilibaki mviringo kwa muda, ukubwa wa kiuno cha mwanamke, ndipo kikalegea.

Mikono ya Babu ikaanza kutetemeka tena.

Aliketi chini hapohapo. Nami nikaketi kando yake. Watoto walikuwa wamekwisha kimbilia mferejini kunawa, wakirushiana maji.

"Unaniona mwendawazimu?" akaniuliza.

"Kama wewe ni mwendawazimu, Babu, basi tuko wawili."

Akacheka kidogo, kisha akakunja uso. "Mimi sijawahi kupanda mtende, Emna. Hata mmoja. Hata wa urefu wa punda."

"Lakini watu wote wanasema ulikuwa mpandaji hodari, ukaacha Bibi alipofariki..."

"Watu wote wanasema nilichowaambia. Nikipanda ngazi tatu dunia inazunguka, nilizaliwa hivyo. Mwanaume wa Jerid asiyepanda! Wangeniita nini? Bibi yako aliponiona siku ya kwanza nimekumbatia shina nalia, alicheka hadi akaketi. Halafu akafunga gauni kiunoni akapanda yeye. Kama paka. Miaka thelathini na minane, mitende yote hii ni kazi yake, na sifa zikawa zangu."

"Saa saba," nikasema. Nilikuwa nimeanza kuelewa.

"Saa saba, watu wamelala. Kamba hii hakuihitaji. Wapandaji hawatumii kamba. Aliivaa kwa ajili yangu tu, nipate cha kushika. Wakati mwingine mtoto mtoro alichungulia ukutani akamwona, akakimbia kwao akipiga kelele. Wasila alifurahi sana. 'Nimekuwa jini, Lazhar,' aliniambia, 'sasa hakuna atakayekuja kututazama.' Na kiatu cha Hania alikivaa yeye kulishia kuku, mpaka kikachakaa."

Nilitaka kucheka. Lakini aliendelea kuitazama kamba.

"Mliambiwa aliteleza uani akifua. Si kweli. Alikuwa juu ya huu. Mtu akabisha mlangoni, mjumbe wa harusi, akaita jina langu. Niliogopa ataingia aone. Nikaachia kamba, Emna. Niliiachia, nikaenda kumzuia mtu mlangoni, nikasimama naye nikamuuliza habari za watoto wake. Niliporudi..." Alipapasa udongo chini ya shina. "Aliishi siku mbili. Akaniambia, sema nimeteleza. Nikasema. Ami yako hajui. Baba yako huko Ufaransa hajui."

"Na sasa?"

"Wiki iliyopita watoto waliniamsha saa saba. Wakasema, Bibi anauliza kamba iko wapi. Mimi simsikii, wala simwoni. Wao ndio wanaomsikia. Mimi nahisi uzito tu." Akanitazama. "Munji anataka kunipeleka Sfaksi. Nitakwenda vipi? Nani atamshikia?"

Tesnim alikuwa amerudi, maji yakimtiririka viwikoni. Alisimama mbele yetu na kusema kwa sauti ya mtoto anayeleta salamu alizopewa:

"Bibi anasema mikono yake imechoka. Kesho nipande mimi, amalize kunifundisha."

Nilimtazama Babu. Niliona kwamba hilo alikuwa hajalisikia, na kwamba hakuwa na uwezo wa kulikataa. Mtu aliyewahi kuachia kamba mara moja hawezi kumwambia aliyeanguka kwamba hataishika tena.

"Hapana, Tesnim," nikasema.

"Si wewe uliyeitwa," akanijibu, si kwa ujeuri.

Jumamosi Ami Munji alifika saa sita na nusu, lori likitimua vumbi hadi kwenye mkate wa Bi Hania. Aliwabusu binti zake, akambusu Babu kichwani, akatazama glasi ya chai ikicheza mkononi mwa baba yake, akanivuta pembeni.

"Haya, msomi. Niambie."

Ningeweza kumwambia mikono inatetemeka. Ningeweza kusema watoto wamefurahi. Yote yalikuwa kweli, na nilijua kwamba yote mawili yangekuwa uongo.

"Muulize yeye mwenyewe, Ami. Ana neno."

Na Babu alilisema. Alilisema uani, mbele ya mwanawe na mbele ya Bi Hania aliyekuwa akikung'uta vumbi kwenye mikate, kwa maneno yaleyale aliyoniambia, bila kuyapamba. Alipofika kwenye mlango na mjumbe wa harusi, aliianza upya sentensi ile mara tatu hadi ikapita.

Bi Hania aliketi kwenye kizingiti. "Kumbe alikuwa Wasila," akasema. "Miaka yote hii nadhani nafukuza jini, kumbe namsomea aya Wasila."

Ami Munji akasema, akitazama ukuta: "Nyayo zake zilikuwa ngumu kama kwato. Nikiwa mdogo nilimuuliza. Akaniambia ni kwa sababu ya kusugua sakafu." Alipangusa uso kwa kiganja. Ukali ukamrudia, kama unavyomrudia mtu anayetaka kitu cha kushika. "Basi ndio sababu zaidi ya kuondoka hapa. Baba, unakaa na mti uliomuua mama yangu! Nitaukata leo hii. Emna, kusanya vitu vyake. Tesnim! Dorra! Ingieni garini."

Dorra alikuja. Tesnim hakuja.

Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa saba na dakika mbili, na kamba haikuwapo kwenye msumari wa ukutani ambako Babu huitundika.

Tulikimbia wote, hata Babu, ambaye sikujua bado anaweza kukimbia. Tesnim alikuwa kwenye shina la mtende mrefu. Kitanzi kilikuwa kiunoni mwake, kimekazwa vizuri, na kamba ilikuwa imepanda juu, imekazika, haikushikwa na mtu chini. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye kigutu cha nne, na alikuwa akitafuta cha tano kwa vidole, polepole, akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayeelekezwa.

"Tesnim!" Ami Munji akapiga kelele.

"Usimshtue!" Babu akasema. Alikwisha fika. Alinyoosha mikono akaidaka ncha ya pili ya kamba, iliyokuwa ikining'inia kutoka juu, akaizungusha kwenye kiganja, na mbele ya macho ya mwanawe ile mikono ikatulia. Ami Munji aliiona. Aliufuata mstari wa kamba kwa macho hadi juu, na sijawahi kumwona mtu mzima akirudi kuwa mtoto haraka namna ile.

"Nani kashika huko juu?" akauliza.

Nilipanda kigutu cha kwanza, na cha pili. Kilikuwa na joto, kama kiti kilichoinukiwa sasa hivi. Nilimkumbatia Tesnim kutoka nyuma, nikahisi moyo wake ukipiga taratibu, bila hofu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikalegeza kitanzi. Kilikataa kwanza. Kulikuwa na mkono katika kukataa kule, mkono wa mtu ambaye hajaamua kama mimi ni wa kuaminiwa. Nilisema kwa sauti ndogo, "Bibi, nipe mimi," nami sikujua kama nasema na mti, au na mauti, au na mwanamke aliyenifunza kufunga nanaa nikiwa na miaka mitano. Kitanzi kikaachia. Nilimshusha mtoto, baba yake akampokea akamkandamiza kifuani hadi akalalamika kwamba anaumizwa.

"Kasema nini?" nilimuuliza Tesnim.

"Hajasema kitu. Anakutazama."

"Twendeni," Ami Munji akasema. "Wote. Sasa hivi. Vitu tutavituma."

Watu walikuwa wameanza kutokea juu ya ukuta wa nyuma, wameamshwa na kelele, nywele zimesimama, macho yana usingizi: majirani wa pande zote mbili, ambao kwa zaidi ya miaka arobaini walilala saa ile ile bila kukosa. Nilijifunga kitanzi kiunoni. Kilikuwa bado na joto. Kisha nikasema, kwa ami yangu, kwa Bi Hania, kwa Babu na kwa wale wa ukutani, kwa sauti ya kutosha kufika kila mahali palipopaswa kufikiwa:

"Mtende huu haukatwi. Hakuna mtoto atakayeupanda, na hakuna mtu atakayeupanda tena kwa kujificha. Bibi yangu Wasila ndiye aliyekuwa mpandaji wa bustani hii, na mimi nachukua kazi yake. Babu haendi Sfaksi. Mimi nitabaki naye hapa hadi mavuno ya Oktoba. Chuoni nitaandika barua kesho. Nitajifunza kupanda kwa kuanzia mitende ya kimo cha kati, asubuhi, kila mtu akiona, na Babu atanishikia kamba."